Kindle Scribe, Kobo Elipsa, reMarkable, Boox au Supernote: kifaa kipi kinamfaa anayesoma huku ameshika kalamu?

Mtu anayesoma huku akiandika ana haja mbili ambazo si kila kifaa huzitimiza kwa pamoja. Anataka maandishi anayoweza kuyasoma kwa saa nyingi bila kuumia macho, na anataka kuandika pembeni mwa maandishi hayo kwa mkono wake mwenyewe, kisha ayakute aliyoyaandika siku atakapoyahitaji. Haja ya kwanza inatimizwa na karibu kila kifaa chenye skrini ya wino wa kielektroniki kinachouzwa leo. Haja ya pili, na hasa ile sehemu yake ya mwisho, ndiyo inayotofautisha kifaa kimoja na kingine, na kwa maoni yangu ndiyo inayopaswa kuamua ununuzi. Matangazo hutumia nguvu nyingi kusifu jinsi kalamu inavyokwaruza kama iko juu ya karatasi. Ni nadra kueleza dokezo lililoandikwa pembeni mwa ukurasa wa 140 linakwenda wapi pindi msomaji anapokuza herufi.

Kabla ya kulinganisha vifaa hivi vyenyewe kwa vyenyewe, yafaa kwanza kuuliza kama kishikwambi cha kawaida hakitoshi.

Kishikwambi cha kawaida au wino wa kielektroniki

Teknolojia ya wino wa kielektroniki ilianzia katika maabara ya MIT nchini Marekani, na kampuni ya E Ink iliyoieneza ilianzishwa mwaka 1997. Ndani ya skrini mna vifuko vidogo mno, na ndani ya kila kifuko mna chembe nyeupe na chembe nyeusi zenye chaji za umeme zinazopingana. Umeme ukipitishwa, chembe za rangi moja hupanda na za rangi nyingine hushuka, na zikishatulia hubaki zilipo bila kuhitaji umeme zaidi. Hiyo ndiyo sababu ukurasa uliofunguliwa hautumii betri kwa kiasi cha kutajika, na ndiyo sababu skrini hizi husomeka vizuri zaidi juani kuliko kivulini, kwa kuwa huakisi mwanga uliopo badala ya kumulika machoni.

Gharama ya faida hiyo ni wepesi. Chembe huchukua muda kusogea, hivyo kufunua kurasa kwa haraka, kukuza picha au kuteremka katika waraka mrefu huwa ni kazi ya kusuasua, na mara nyingine kivuli cha ukurasa uliopita hubaki kikionekana kwa mbali hadi skrini ijisafishe. Kishikwambi kama iPad, ambacho kimekuwa na matoleo yanayotumia kalamu ya Apple Pencil tangu mwaka 2015, hakina matatizo hayo. Rangi zake ni kamili, kinaweza kufungua kitabu upande mmoja na daftari upande wa pili, na programu zake za kuandikia zimekomaa kuliko zozote zilizomo katika vifaa vya wino. Anayesoma ramani, michoro ya mwili wa binadamu au vitabu vyenye picha nyingi za rangi, na ambaye hufungua nyaraka tatu kwa wakati mmoja ili kuzilinganisha, asijilazimishe kuingia katika wino wa kielektroniki kwa sababu tu ya sifa zake, kwa maana atajuta kila siku. Kwa upande wa pili, iPad huhesabu betri kwa saa, takriban 10 za matumizi, ilhali kifaa cha wino huhesabu kwa siku au wiki. Aidha, iPad huleta ujumbe, barua pepe na video katika skrini ileile ya kitabu.

Kuhusu betri za vifaa vya wino, madai ya kampuni yasomwe pamoja na masharti yake. Kindle Scribe ya kampuni ya Amazon ilipotoka mwaka 2022 ilitangazwa kuwa hudumu hadi wiki 12 kwa kusoma, lakini kwa kuandika ilitajwa wiki 3 tu, na hesabu zote mbili zilichukulia matumizi ya nusu saa kwa siku. Mwanafunzi anayeandika saa 3 kila siku ataiona chaji ikiisha mapema zaidi, jambo ambalo bado si baya.

Ukubwa wa skrini na tatizo la A4

Vifaa vingi vya kundi hili vina skrini ya takriban inchi 10.3, ambayo kwa vipimo ni karibu milimita 157 kwa 210, yaani kubwa kidogo kuliko karatasi ya A5. Nyaraka nyingi za kitaaluma na za ofisini zimepangwa kwa A4, yenye milimita 210 kwa 297. Ukurasa mzima wa A4 ukibanwa uingie katika skrini hiyo, unabaki asilimia 70 ya ukubwa wake, kwa hiyo herufi za pointi 12 zinaonekana kama za pointi 8 na nusu, na tanbihi za pointi 9 zinashuka hadi pointi 6. Mtu mwenye macho makali atazisoma, lakini si kwa saa nyingi. Katika skrini ya inchi 7.8, kama ile ya Supernote Nomad, herufi hizohizo za pointi 12 zinakuwa za pointi 6 na kitu, na hapo hata macho makali yatalalamika. Katika skrini ya inchi 13.3, ambayo Boox inaitumia katika vifaa kama Note Max na Tab X, zinakaribia pointi 11.

Karibu vifaa vyote vina njia ya kukata nafasi nyeupe za pembeni ili maandishi yakuzwe. Ukurasa wenye pembe za sentimita 2 na nusu kila upande, ukikatwa hivyo katika skrini ya inchi 10.3, hurudi hadi kama asilimia 85 ya ukubwa wake, na kusoma kunakuwa raha. Ila nafasi iliyokatwa ni ileile uliyokusudia kuandika. Huu ni mgongano ambao hautajwi katika maelezo ya bidhaa na ambao mtumiaji huugundua siku ya kwanza: ama asome herufi ndogo na apate pembe za kuandikia, ama asome kwa raha na aandike juu ya maneno yenyewe. Njia ya kati ni kulaza kifaa, ili upana wa ukurasa ulingane na urefu wa skrini, na kusoma nusu ukurasa kwa wakati mmoja kwa ukubwa wa asili. Hilo linavumilika katika nyaraka zenye safu moja ya maandishi, na linachosha katika majarida yenye safu mbili, ambapo macho hushuka hadi chini kisha yanatakiwa kurudi juu.

Kwa hiyo msomaji ambaye kazi yake ni PDF za A4 anapaswa kuanzia inchi 10.3 na kufikiria kwa dhati inchi 13.3. Msomaji wa riwaya na vitabu vya kawaida hahitaji ukubwa huo. Kwake yeye kifaa kidogo ni chepesi mkononi, na Kobo Libra Colour ya mwaka 2024, yenye inchi 7, inapokea kalamu.

Maandishi yanayohama

PDF ni ukurasa uliogandishwa: kila neno lina mahali pake, na mstari uliouchora chini ya neno utabaki chini ya neno hilo popote faili litakapofunguliwa. EPUB, muundo wa faili unaotumika sana kwa vitabu vya kielektroniki, na miundo inayotumiwa na Kindle ni kinyume chake. Humo hakuna ukurasa wa kudumu. Kifaa hupanga maneno upya kila mara herufi zinapokuzwa, aina ya mwandiko inapobadilishwa au kifaa kinapolazwa. Mstari wa mkono uliochorwa chini ya maneno matano utafanya nini iwapo mawili kati yake yamehamia mstari unaofuata? Mshale uliovutwa kutoka aya moja hadi nyingine utaelekea wapi iwapo aya ya pili imesukumwa hadi ukurasa mwingine? Kila kampuni imelijibu swali hili kwa namna yake, na majibu hayo yanafaa kulinganishwa kwa makini kuliko kitu kingine chochote.

Kindle Scribe ya mwaka 2022 ilikwepa tatizo. Katika vitabu vya kawaida haikuruhusu kuandika juu ya ukurasa, bali ilimpa msomaji kikaratasi cha kubandika, ambacho kilifunguka juu ya maandishi na kufungwa kikabaki alama ndogo. Toleo la mwaka 2024 lilikuja na utaratibu mwingine: ukianza kuandika katikati ya maandishi, kisanduku hujifungua mahali hapo na maneno ya kitabu hujipanga kukizunguka, kisha herufi zikikuzwa kisanduku huhama pamoja na sehemu yake. Dokezo halipotei, na hilo ni jambo kubwa. Lakini ukurasa hubadilika sura kila unapoandika, na msomaji aliyezoea kuzungushia maneno duara na kuyaunganisha kwa mistari atahisi kwamba ameongezewa visanduku mahali alipotaka penseli.

Kobo Elipsa 2E ya mwaka 2023 imechukua njia ya ujasiri zaidi, kwa kuwa unaandika juu ya maneno yenyewe ndani ya EPUB, na alama hushikizwa kwenye maneno zilipoandikwa ili zihame nayo. Kwa kupigia mistari, kuzungushia na kuandika neno moja au mawili pembeni, huu ndio utaratibu unaokaribia zaidi kitabu cha karatasi miongoni mwa vifaa vinavyouza vitabu. Hata hivyo, dokezo refu la mkono lililoandikwa kwa kufuata umbo la aya haliwezi kutarajiwa kukaa sawasawa baada ya aya kubadilika umbo. Ushauri wa kweli kwa mtumiaji wa Kobo ni kuchagua ukubwa wa herufi kabla ya kuanza kitabu, na kutougusa tena hadi amalize.

reMarkable, kampuni ya Norwei iliyoanza kuuza vifaa mwaka 2017, husoma PDF na EPUB zisizo na kufuli ya hakimiliki (kinga inayozuia kitabu kunakiliwa) pekee, na EPUB huipanga kama kurasa ambazo unaziandikia ovyo upendavyo. Raha yake ni kubwa hadi utakapobadilisha ukubwa wa herufi, kwani hapo alama za zamani huweza kuachwa zikielea mahali ambapo maneno yake hayapo tena. Supernote imejibu kwa namna ninayoiona kuwa ya busara ingawa haivutii macho: unachagua kifungu, kinanakiliwa katika orodha ya dondoo, na dokezo lako la mkono linaambatanishwa na dondoo hilo. Ukimaliza kitabu, unayo orodha moja yenye maneno ya mwandishi na maneno yako. Anayesoma ili aandike tasnifu, ripoti au mahubiri atanufaika na orodha hiyo kuliko na pembe zilizojaa michoro.

Boox ni habari ya peke yake, kwa sababu ni kishikwambi cha Android chenye skrini ya wino. Kina Google Play, kwa hiyo programu za Kindle, Kobo na maktaba zinaweza kuwekwa humo, na mtu mwenye vitabu alivyovinunua katika maduka mawili au matatu ya mtandaoni huvisoma vyote katika kifaa kimoja. Hakuna mwingine katika kundi hili anayetoa uhuru huo kwa ukamilifu, ingawa Supernote nayo inapokea programu ya Kindle. Lakini hapa ndipo wanunuzi wengi huteleza: kuwa na programu ya Kindle ndani ya kifaa chenye kalamu hakumaanishi kwamba unaweza kuandika kwa mkono juu ya kitabu cha Kindle. Kalamu hufanya kazi kikamilifu ndani ya programu ya kusomea na ya daftari zilizotengenezwa na Boox yenyewe. Ndani ya programu za wengine hubaki kwa sehemu kubwa kama kidole cha kugusia na kupakia rangi maneno. Faida ya uhuru huo pia ina gharama zake: mipangilio ni mingi, betri huisha mapema kuliko ya Kindle au Kobo, na asiyependa kuchokonoa mipangilio atachoka kabla hajasoma sura ya kwanza.

Kuyatoa uliyoyaandika

Kwa PDF, vifaa vyote vitano hutoa nakala yenye mwandiko wako juu yake, na nakala hiyo hufunguka katika kompyuta yoyote. Tofauti iko njiani. Katika Scribe ya kwanza, PDF iliyopitishwa kwenye huduma ya Send to Kindle ndiyo iliyoandikika moja kwa moja, ilhali ile iliyohamishwa kwa waya wa USB ilifunguka kwa kusomwa tu. Anayeshughulikia nyaraka za siri za ofisi alilazimika kuzipitisha katika seva za Amazon au kuacha kuziandikia. Boox na Supernote hukubali faili kwa waya bila masharti. reMarkable huhamisha faili vizuri kupitia mtandao, lakini asiyelipia huduma yake ya Connect hupata usawazishaji wa faili alizozitumia ndani ya siku 50 zilizopita, na zile zilizokaa bila kufunguliwa kwa muda mrefu zaidi hubaki ndani ya kifaa tu. Malipo ya kila mwezi kwa ajili ya daftari ni jambo ambalo kila mtu ataliamulia mwenyewe. Mimi ningelihesabu ndani ya bei ya kifaa kwa miaka mitatu kabla ya kulinganisha.

Kwa kitabu kilichonunuliwa chenye kufuli ya hakimiliki, usitegemee kutoa nakala yenye mwandiko wako. Utatoa dondoo na madokezo, si kurasa. Ndiyo maana mtafiti anayekusudia kuyahifadhi madokezo yake kwa miaka mingi afanye kazi yake katika PDF kila inapowezekana, hata kama EPUB ni nyepesi kusoma.

Vifaa vyote hivi vina njia ya kugeuza mwandiko wa mkono kuwa herufi za kuchapa. Kabla ya kuihesabu kuwa faida, tazama orodha ya lugha zinazotambuliwa katika maelezo ya kifaa, kwani mfumo uliofunzwa kwa lugha nyingine huyageuza maneno ya Kiswahili kuwa maneno ya lugha hiyo yanayofanana nayo, na kuyasahihisha huchukua muda kuliko kuyachapa upya.

Kalamu, mwanga na rangi

Kalamu ni za aina mbili. Kindle Scribe, reMarkable 2 na Supernote hutumia teknolojia ya kampuni ya Wacom ya Japani, ambamo nyaya zilizo chini ya skrini huipa kalamu nishati kwa sumaku-umeme, hivyo kalamu haina betri na haichajiwi kamwe. Kalamu ya Kobo Elipsa 2E huchajiwa kwa waya wa USB-C, na ile ya reMarkable Paper Pro ya mwaka 2024 huchajiwa inapobandikwa ubavuni mwa kifaa. Katika utumiaji tofauti ni ndogo, ila kalamu isiyo na betri ina faida moja: ukiipoteza unaweza kununua ya kampuni nyingine yenye teknolojia hiyohiyo, wakati kalamu ya reMarkable 2 haiandiki hata kwenye Paper Pro ya kampuni yake. Ncha huisha. Zile zinazotoa mkwaruzo wa karatasi huisha upesi zaidi, na kwa mwandishi mwenye mkono mzito ni suala la wiki kadhaa. Supernote hutumia ncha ngumu ya kauri isiyobadilishwa, juu ya utando laini unaobonyea kidogo, na mwandiko wake hufanana na wa kalamu ya wino juu ya rundo la karatasi kuliko wa penseli.

Mwanga usipuuzwe. reMarkable 2 na vifaa vya Supernote havina taa ya skrini kabisa, kwa hiyo usiku huhitaji taa ya mezani kama kitabu cha karatasi. Kindle Scribe za mwaka 2022 na 2024 na Elipsa 2E zina taa inayoweza kuwekwa iwe ya manjano. Anayesoma kitandani mwenzake akiwa amelala ameshapata jibu lake.

Rangi, kwa sasa, ningeziacha isipokuwa kama kazi inazidai. Skrini za aina ya Kaleido 3, zinazotumika katika Boox na Kobo za rangi, huweka kichujio juu ya skrini ya kawaida; maandishi meusi hubaki na nukta 300 kwa inchi lakini rangi hushuka hadi 150, na skrini nzima huwa na giza kidogo. Paper Pro hutumia njia nyingine, yenye chembe za rangi ndani ya skrini, na rangi zake zimekolea zaidi ila huchelewa kutulia. Zote zinatosha kutofautisha mstari mwekundu na wa bluu.

Jaribio kabla ya kununua

Akinisisitiza mtu nimchagulie bila kuuliza maswali, ningempa msomaji wa vitabu vya kawaida Kobo Elipsa 2E, au Scribe iwapo maktaba yake yote imo Amazon. Anayeishi ndani ya PDF na daftari ningempa Supernote Manta ya inchi 10.7, au Boox ya inchi 13.3 iwapo ana subira ya mipangilio. reMarkable ningempa mtu anayeandika mengi na kusoma machache, kwa kuwa ni daftari zuri mno lililojifunza kusoma baadaye.

Ukipata fursa ya kukishika kifaa, usikijaribu kwa kuandika jina lako kwenye ukurasa mtupu, kwa sababu hapo vyote hufanya vizuri. Fungua PDF yako iliyo ngumu kuliko zote, yenye tanbihi na safu mbili, uandike sentensi nzima pembeni, kisha utoe faili hilo na kulifungua katika kompyuta. Baada ya hapo fungua EPUB, pigia mstari sentensi inayovuka ukurasa, kuza herufi mara mbili, zirudishe zilivyokuwa, na uutafute mstari wako.